Mboga ya Kabla ya Mizani

"Babu, hiyo unayotaka kuila ni elfu ishirini na nane!"

Aliyesema maneno hayo alikuwa kijana wa mizani, wa rika langu tu, kalamu sikioni na daftari mkononi. Ilikuwa alfajiri kwenye mwalo mmoja wa kisiwa cha Bumbire, Ziwa Viktoria, upande wa wilaya ya Muleba. Tulikuwa tumetoka kuvuta makila yetu, nyavu zilizolala majini usiku kucha. Boti ya wakala ilikwisha kufika na barafu yake, nasi tulikuwa tukiteremsha sangara mmoja mmoja. Kabla samaki wa kwanza hajapanda mizani, mzee wa mtumbwi wetu, ambaye sote tulimwita Babu, aliinama, akachagua sangara mmoja wa kilo nne hivi, akamweka kando juu ya kasia. Hakuchagua aliyepondeka wala aliyeanza kulegea. Alichagua mzuri.

Kijana wa mizani akapiga hesabu kichwani, kilo nne mara elfu saba, ndipo akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko. Babu hakucheka. Alimjibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Na wewe, mjukuu wangu, hiyo unayotaka kuipima ni chakula changu cha jioni."

Ndugu msomaji, nimeshaondoka kisiwani, nimerudi kwetu Omurushaka ambako ziwa kubwa halionekani hata ukipanda kilima kipi. Lakini majibizano yale ya nusu dakika hayajanitoka. Kila mmoja kati ya wale wawili alisema kweli. Samaki yule yule alikuwa shilingi elfu ishirini na nane, na alikuwa chakula cha jioni. Hawezi kuwa vyote viwili. Ukimla, hela imekwenda. Ukimuuza, unalala na ugali na chumvi. Basi swali langu ni hili: je, mtu aliyevua samaki kwa jasho lake, kuna faida gani kumweka akamla mwenyewe, wakati wapo wanaomtaka kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingethubutu kuilipa?

Wahenga walikwisha kuliona jambo hili, wakasema mfinyanzi hulia gaeni. Anayefinyanga vyungu na sahani za watu, yeye chakula chake kiko kwenye kigae kilichovunjika. Shuleni tulifundishwa methali hiyo tukaijaza kwenye mtihani, tukapata maksi zetu, tukaenda zetu. Hakuna mwalimu aliyetuuliza: hivi, methali hii inamsifu mfinyanzi kwa kujinyima, inamcheka kwa ujinga, au inamlilia?

Hebu kwanza tumtendee haki kijana wa mizani. Hoja yake si ya kipuuzi.

Chukua hiyo elfu ishirini na nane, uende nayo sokoni hapa Omurushaka. Utanunua dagaa wa kutosha familia ya watu sita siku nyingi, ubakiwe na chenji ya chumvi, sabuni na madaftari mawili. Na dagaa si chakula cha kudharauliwa. Dagaa analiwa mzima, kichwa na miiba, na ndani ya miiba ile ndimo imo chokaa inayojenga mifupa ya mtoto. Sangara wa kilo nne ukimpika leo, watu sita wanakula leo, na kesho mnaangaliana. Kwa hiyo mwenye akili ya hesabu atasema: uza samaki mmoja mkubwa, nunua wadogo elfu moja. Mtu maskini anayekula samaki wa bei mbaya ili aonekane naye ana hadhi, huyo anakula viatu vya watoto wake. Hoja hii ina nguvu, na mama yangu, kama nitakavyoeleza, ni bingwa wake.

Tena kuna jambo la pili. Huyo samaki alikuwa wa nani hasa? Kwenye mtumbwi wetu mambo yalikwenda hivi: tajiri ana chombo, injini na nyavu, sisi vibarua tuna mikono. Samaki wakiuzwa, kwanza yanatolewa mafuta na matengenezo, kinachobaki kinagawanywa, nusu ya tajiri, nusu yetu sisi wanne. Hivyo sangara aliyewekwa juu ya kasia alikuwa wa kila mmoja na hakuwa wa mmoja. Mtu akijiwekea bila mapatano, huo ni wizi tu hata tukiupa jina gani. Na ziwa lenyewe je? Hakuna kati yetu aliyemlisha yule samaki hata siku moja.

Hata sangara mwenyewe ni mgeni humu. Wazee waliozaliwa kandokando ya ziwa hawakumkuta. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za Mwingereza zikielekea ukingoni, ili ziwa litoe samaki mkubwa wa biashara. Akakaa kimya miaka mingi. Ilipofika miaka ya 1980 akafumuka, akawa amejaa kila mahali. Walioumia zaidi ni furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa wa aina mamia, wasiopatikana kwingine popote duniani. Aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara hakuwa peke yake katika dhambi hiyo, maana maji nayo yalichafuka na nyavu ziliongezeka, lakini ndiye aliyewatafuna. Samaki wa watu wa kawaida, furu na ningu wa kuning'iniza kwenye ujiti, wakapungua. Badala yao akaja mkubwa huyu mwenye mafuta, ambaye mwanzoni watu wengi hata hawakumpenda.

Kisha vikaja viwanda. Mwanza, Musoma, na Bukoba hapa kwetu mkoani. Minofu ya sangara ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, na kilichobaki mezani, yaani kichwa, mgongo wa miiba na mkia, kikatafutiwa jina: mapanki. Mapanki yakakaangwa, yakauzwa mitaani, yakawa kitoweo cha wale wale wanaoliona ziwa kila asubuhi. Mwaka 2004 Mzungu mmoja, Hubert Sauper, akatoa filamu juu ya mambo hayo ya Mwanza, ikazunguka dunia nzima ikapigiwa makofi, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Zogo lilikuwa kubwa. Wengine wakasema mapanki ni aibu, wengine wakasema mapanki ni chakula kizuri tu, kina nyama, kina supu, tatizo liko wapi?

Mimi nadhani pande zote mbili ziliuangalia mfupa zikaacha jambo lenyewe. Mapanki si sumu. Nimekula, na nikipata nitakula tena. Linaloniuma ni lini yalimfikia mlaji. Yalimfikia baada. Mwenye kiwanda amechukua, mwenye ndege amechukua, Mzungu amechukua, kisha kilichokosa mwenyewe ndicho kikaitwa chako.

Hapa ndipo Babu anaponifundisha. Siku ile ya kelele za mizani, jioni tukiwa tumekaa kwenye moshi wa kuni, nilimuuliza mbona hakungoja. Wakala akishapima, huwa kuna samaki anaowakataa, waliochubuka au waliokaa sana wavuni. Hao hatulipwi hata senti. Kwa nini asile wale, akaokoa ile elfu ishirini na nane yetu sote?

Akanijibu: "Wale nao tutakula, wapo. Lakini mboga inatoka kabla ya mizani. Ikitoka baada ya mizani hiyo siyo mboga, hayo ni makombo."

Kumbe ilikuwa desturi ya mtumbwi ule tangu tajiri wa sasa hajazaliwa: samaki mmoja wa mboga kwa siku, achaguliwe na mkubwa wa chombo, kabla ya kupima. Tajiri anajua, vibarua wanajua, na wala haandikwi daftarini. Kwa hiyo ule wasiwasi wangu wa wizi ulikwisha pale. Mapatano yalikuwepo. Aliyekuwa hayajui ni kijana wa mizani peke yake, kwa sababu yeye alizaliwa upande wa daftari.

Nikamuuliza Babu tena, sasa kwa ubishi wa kidato cha nne: tofauti iko wapi tumboni? Samaki ni samaki. Akasema kuna mwaka alikula sangara mpaka akamkinai. Ilikuwa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa ajili ya habari za watu kuvua kwa sumu. Mlango ule kwa Tanzania haukufunguliwa mpaka mwaka uliofuata. Boti za barafu zikaacha kuja, bei ikaanguka mwaloni, wavuvi wakabaki na samaki wao mikononi. "Tulikula wakubwa, wanene," alisema, "lakini tulikula kama watu walioachwa."

Maneno hayo nimeyapima sana. Mwaka ule wavuvi walikula samaki wao walio bora, sivyo? Tena wengi. Kama furaha ingekuwa ndani ya minofu, basi 1999 ungekuwa mwaka wa sikukuu. Haukuwa. Walikula kwa sababu soko liliwakataa, wala hawakuchagua. Kwa hiyo swali la kumweka samaki wako halihusu tu nani kala nini. Linahusu nani aliamua, na aliamua wakati gani.

Mgiriki mmoja wa kale, Aristotle, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha siasa. Alitoa mfano wa kiatu. Kiatu, alisema, kina matumizi mawili: unaweza kukivaa na unaweza kukibadilisha kwa kitu kingine. Yote ni matumizi ya kiatu, lakini kiatu hakikushonwa kwa ajili ya kubadilishwa. Kilishonwa kwa ajili ya mguu. Sasa chukua mtu anayeshona viatu tangu ujana hadi uzee, naye hajawahi kuvaa hata jozi moja aliyoishona. Je, huyo anakijua kiatu? Anajua bei yake, ngozi yake na uzi wake. Mahali kinapobana hajui. Ndivyo alivyo mvuvi anayejua sangara ni elfu saba kwa kilo, na akiulizwa nyama ya shavu la sangara ina ladha gani, anakuangalia kama umemuuliza habari za mwezini.

Na ujinga huo una gharama ya kweli. Wapo wavuvi waliolitupa bondo la sangara, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni, wakidhani ni takataka. Wenzao wa viwandani waliliosha, wakalikausha, wakalipeleka China na Hong Kong, ambako linauzwa kwa bei inayoipita minofu mbali sana. Asiyekijua kitu chake ataambiwa na mwingine thamani yake, tena ataambiwa nusu.

Wala tusidhani swali hili ni la maskini peke yao. Kule Alaska, Marekani, kuna samaki bapa mkubwa wa bahari ya baridi anayeitwa halibut. Watu hutoka mbali, wanalipa boti iwapeleke kwenye kilindi, wanavua kwa ndoano, na sheria inawawekea idadi ya kuchukua kwa siku. Kisha wanalipa tena akatwe, agandishwe, afungwe kwenye maboksi, asafirishwe mpaka nyumbani. Ukijumlisha nauli, boti, ndoano na barafu, kilo moja inaweza kuwashinda hata ya dukani, nao wenyewe hubishana kama kweli inalipa. Lakini wanamweka. Kwa nini? Kwa sababu siku akiwa mezani, baba mtu atasema: huyu nilimvuta mwenyewe. Sentensi hiyo haiuzwi dukani. Nami nauliza, iweje tajiri anayevua kwa starehe aone fahari ya samaki wake hata kwa hasara, na mvuvi wa Bumbire anayevua kwa kufa na kupona achekwe akimweka mmoja kwa siku?

Utaniambia: tajiri anaweza kumudu hasara. Kweli. Lakini kama utu ni kitu ambacho mtu anaruhusiwa kuwa nacho baada tu ya kumudu, basi sisi wengine tutazeeka tukiusubiri.

Nirudi kwetu Karagwe, maana mambo ya ziwani yanaweza kuonekana ya mbali kwa mtu wa migombani. Sisi hapa hatuna sangara, tuna kahawa. Kahawa yetu nayo inapanda mizani, inaondoka, inanyweka kwenye vikombe vya watu ambao hawataiona Omurushaka mpaka wafe. Nenda ukahesabu ni nyumba ngapi za wakulima wa kahawa zinazoanza siku kwa kikombe cha kahawa. Tunaanza kwa chai au uji, au hatuanzi kwa chochote.

Hata hivyo wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliweka amwani. Kabla ya kuuza, mama wa nyumba alitenga kahawa kidogo, akaichemsha na majani yenye harufu nzuri, akaianika, akaihifadhi kwenye kikapu kidogo. Mgeni akija, kabla ya maji, kabla ya habari za nyumbani, anapewa punje za kutafuna. Hiyo ndiyo mboga ya kabla ya mizani kwa lugha ya mkulima. Ni kiasi kidogo mno, hakimwangushi mtu kiuchumi. Lakini nyumba ambayo kikapu hicho ni kitupu ilionekana nyumba iliyopungukiwa na kitu, hata kama imeuza magunia.

Na kinyume chake pia tunakijua, kinaitwa butura. Mkulima amebanwa na shida, basi anaiuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anaivuna kwa mikono yake huku ni mali ya mwingine. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, nayo haifi, kwa sababu njaa haisomi matangazo. Simlaumu mwenye shida. Nataka tu tuone kwamba mwenye butura na mwenye mapanki ni ndugu. Mmoja aliuza kabla hajavuna, mwingine anakula baada ya wote. Wote wawili wamekosa ile nafasi ndogo ya katikati, pale ambapo kitu kimeshakuwa mkononi mwako na bado hakijawa cha soko.

Lakini nisije nikaigeuza desturi ya Babu kuwa ruhusa ya kila mlafi. Wapo wanaosema "changu ni changu" wakamaliza kila kitu. Mvuvi akila wote, hana mafuta ya kesho. Na kuna wanaojiwekea wasichostahili kukiweka. Sheria yetu inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, maana huyo hajazaa. Juni 2018 maofisa wa uvuvi waliingia na rula mpaka kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki ambao walikuwa wameshapikwa. Bunge likachachamaa, nchi nzima ikacheka wiki nzima. Tulicheka kwa haki, kwani rula kwenye sahani imechelewa mno. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na jambo la maana: kuna samaki ambaye njia ya pekee ya kumweka ni kumwacha majini. Babu alikuwa akikuta mchanga yu hai wavuni humrudisha, anamwambia, "Nenda kanizalie." Naye ninamhesabu katika mboga ya kabla ya mizani. Ni samaki ambaye hatukumpeleka kwa kijana wa daftari.

Sasa nieleze ya mama yangu, maana niliahidi.

Siku ya kuondoka kisiwani Babu alinipa samaki wa mboga wa siku hiyo, sangara wa kilo nne kama yule yule. Nilimfunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikamzungushia barafu, nikamtia kwenye kiroba. Boti mpaka Kemondo, gari mpaka Bukoba, gari tena kupitia Kyaka. Kila gari liliposimama niliukagua mfuko kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nilikuwa na picha moja tu kichwani: baba, mama na wadogo zangu wamezunguka sinia, na mimi nasema, huyu nilimvua mwenyewe.

Nilifika Omurushaka jua likizama. Mama akafungua kiroba, akafunua mashavu ya samaki akanusa, akamwinua kwa mikono miwili. Hakusema asante. Aliuliza, "Kilo ngapi?"

Moyo wangu ukazama. Nikajua kijana wa mizani ameniwahi kufika nyumbani.

"Mama, nimemleta mle," nikamwambia.

"Tutakula, mwanangu. Ila mdogo wako hana viatu vya shule wala sweta, na shule inafunguliwa Jumatatu. Yule wa mgahawa pale njia panda ya Kyerwa atamnunua sasa hivi, kabla hajaharibika."

Nilimgeukia baba. Baba aliangalia chini. Nikatoka kwa hasira, nikaenda kijiweni, nikawasimulia masela jinsi umaskini ulivyo laana, jinsi watu wetu wasivyojipenda, maneno makubwa makubwa. Nilikuwa tayari kuandika makala hii usiku ule ule, na ingekuwa makala ya kumsuta mama yangu.

Niliporudi, saa tatu usiku, nilikuta ndizi zimepikwa na supu inanukia hadi uani. Ndani ya sufuria kulikuwa na kichwa cha sangara. Kichwa kizima, na kipande cha shingo kikubwa kuliko kinavyostahili. Nikajua ni masalio, mwenye mgahawa kabakiza, na nikasema hivyo kwa kejeli: "Ametuachia mapanki, siyo?"

Mama akaweka upawa chini. "Nani atuachie? Nimekikata mwenyewe kabla sijatoka hapa. Kanung'unika huyo, eti samaki hana kichwa, kapunguza hela. Nikamwambia kichwa hakiuzwi, mwanangu ndiye kakileta."

Baba alikuwa ameshaanza kuchokoa nyama ya shavu kwa vidole, taratibu, macho ameyafumba. Mdogo wangu akapewa jicho. Nami nikakaa nikala, na sikuweza kusema ile sentensi yangu, kwa sababu mama alikwisha kuisema kwa mwenye mgahawa, mahali ilipogharimu hela.

Mama yangu hajawahi kufika Bumbire. Hamjui Babu, wala hajasikia habari za Aristotle na kiatu chake. Lakini usiku ule alitatua kitu ambacho mimi nilikuwa nakizungusha bila mwisho. Viatu vilinunuliwa, na sweta. Samaki aliuzwa, hesabu ya kijana wa mizani ikaheshimiwa. Ila kisu kilitangulia mizani. Kichwa kile kile, kama kingekatwa dakika ishirini baadaye na mikono ya mwenye mgahawa, kikarudishwa nyumbani kwa huruma, kingekuwa mapanki. Kwa kukikata yeye, mapema, na kukubali hasara yake, kilikuwa mboga.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba ndiyo, inafaa mtu kuweka samaki wake, hata pale daftari linaposema hapana. Si lazima awe mzima. Si lazima iwe kila siku. Shida ikiwa kubwa sehemu inaweza kuwa ndogo kama punje tatu za kahawa. Lakini itoke mwanzo, na uitoe mwenyewe. Mfinyanzi akila gaeni siku ya njaa, simcheki. Nitamlilia siku atakaposahau kwamba aliwahi kuwa na haki ya sahani.

Na sisi tunaosomana katika kurasa hizi, tunaotaka kuwa waandishi, tusijitoe. Nguvu za asubuhi tunazimalizia wapi? Tunaandika barua za watu za kuomba kazi, risala za harusi, maigizo ya semina kwa kipimo cha anayelipa posho. Sikatai, ndiyo sweta na viatu vyetu hivyo. Usiku wa manane, mgongo unauma na macho hayaoni, ndipo tunaufungulia daftari la riwaya. Halafu tunashangaa riwaya ina miiba mitupu. Tangu nirudi kisiwani nimejaribu kuamka saa kumi na moja na kuandika ukurasa mmoja kabla sijaenda kufungua duka la watu. Ukurasa mmoja tu. Siku nyingine ni mbaya hata mimi mwenyewe siurudii. Lakini umetoka kabla.

Nawe msomaji, huko uliko, Manzese au Mwanza, Kayanga au Nkwenda, mizani inakusubiri kila asubuhi kama inavyonisubiri mimi. Umeshaweka nini juu ya kasia?